Jiwe la Kidakani

Ukiingia nyumbani kwa shangazi yangu Mkomani, mjini Lamu, ukavuka daka na kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu, ukafika ndani penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, utaliona jiwe lile kidaka cha tatu kutoka chini, baina ya bakuli la kichina lenye ufa na chupa ya marashi. Ni jeusi, linang'aa, ukubwa wake kama chungwa lililokaliwa na mtoto. Limejikunja kama konokono, mzunguko wa nje umeufunika karibu wote wa ndani, likabaki tundu dogo kila ubavu ambalo sisi watoto tuliliita kitovu. Mbavu nyembamba zimeanzia karibu na kitovu hicho, zikapanda mgongoni, zikavuka upande wa pili. Tulikatazwa kulichezea. Kila Ijumaa shangazi hulipaka mafuta ya nazi na kulifukiza udi pamoja na nguo zake. Hilo la mafuta na udi lishikeni, maana litarudi.

Wiki ya Maulidi nilipofika nyumbani nililikuta limeshushwa, limewekwa mezani juu ya kitambaa, na watu wazima wanne wanalizozania.

Kisa chenyewe ni hiki. Jamaa za marehemu mume wa shangazi husema jiwe lililetwa na babu yao, nahodha, kutoka Mandvi, bandari ya Kachi kule India, akirudi na kaskazi. Sisi wa upande wa shangazi tumekua tukiambiwa ni ami yetu mkubwa aliyeliokota Changamwe, Mombasa, alipokuwa kibarua wa kukata barabara, akamletea dada yake zawadi ya arusi. Hadithi hizi mbili zilikaa pamoja miaka mingi bila kugombana. Kilichozua vita ni mjukuu mmoja kulipiga picha na kuitia mtandaoni. Mtu wa nchi za nje akamwandikia kwamba hiyo ni shaligramu, jiwe takatifu ambalo Wahindu humwona Vishnu ndani yake, na kwamba asili yake ni mto Gandaki wa Nepal. Akataja na bei. Bei ilikuwa nzuri kiasi cha kuwafanya watu wasilale.

Hapo asili ya jiwe ikageuka kuwa jambo zito. Likiwa la Changamwe, yule kijana atakuwa anauza turathi ya nchi, na sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inataka kibali kabla kitu kama hicho hakijavuka mpaka. Likiwa la Kachi, lilikuja na jahazi kama yalivyokuja masanduku ya msaji, na mazungumzo ni mengine. Likiwa la Nepal, basi hadithi zote mbili za nyumbani ni uongo, na hilo ndilo lililowauma wazee kuliko sheria.

Nikaitwa mimi kuamua. Miaka mingi nimekula kwa kazi ya kutazama vipande vya mwamba vinavyopanda na tope la uchimbaji kutoka kwenye visima vya mafuta: unaviosha, unavipekua chini ya hadubini, unatafuta magamba madogo kuliko chembe ya chumvi, unaandika kisima kimefika wakati gani wa dunia. Kwa hivyo nyumbani naitwa mtaalamu wa mawe, na mtaalamu akiulizwa mbele ya watu huona haya kukaa kimya.

Nililigeuza mara mbili, nikasema: "La Changamwe."

Sikutumia hata dakika tano. Hoja yangu ilikuwa hii. Hii ni amonaiti, mnyama wa baharini wa ukoo wa pweza na ngisi, aliyeishi ndani ya gamba lenye vyumba. Ukoo wake wote ulikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Huyu hasa, kwa unene wake, kitovu chake chembamba na mbavu zile zinazovuka mgongo, ni wa jenasi inayoitwa Mayaites. Mayaites waliishi sehemu ya zama za Jurasiki inayoitwa Oksfodiani, takriban miaka milioni 160 iliyopita. Na vilima vya nyuma ya Mombasa vina miamba ya wakati huohuo na vimejaa amonaiti. Wataalamu wanajua hivyo tangu miaka ya 1870, msafiri Mjerumani Hildebrandt alipookota amonaiti za Mombasa na mtaalamu Beyrich akaandika habari zake kule Berlin. Amonaiti iko Lamu, Changamwe ndiko karibu, ami alifanya kazi Changamwe. Kwisha. Ikumbukwe pia kwamba mimi ni wa upande wa ami.

Jamaa za nahodha hawakusema neno. Aliyesema ni shangazi, aliyekuwa akikuna nazi pembeni na sisi tukidhani hasikilizi.

"Huyo konokono wako," akasema, "anapatikana Changamwe peke yake?"

Nikamwambia la, yuko na Madagaska. Yuko Himalaya. Yuko hadi Indonesia.

"Na Kachi?"

Nikanyamaza kidogo. Mayaites walielezwa kwanza kutokana na mawe ya Kachi. Kachi ndiko kwao kwa kitabu.

"Basi mwanangu umejibu swali lako, hukujibu letu. Mwaka ule zilipoletwa sahani za maua mekundu, kila nyumba ya Lamu ilikuwa nazo, Langoni nazo, Shela nazo, Pate nazo. Ukiona sahani ile utajua mwaka. Nyumba hutaijua."

Nimesoma vitabu vingi vya kazi yangu, sijakuta mahali jambo hili lilipowekwa kwa maneno machache hivyo. Nilikuwa nimeulizwa wapi, nikajibu lini.

Kisukuku, yaani kiumbe wa kale aliyegeuka jiwe, kinachofaa kupimia wakati kina sifa zake. Kiwe cha mnyama aliyeenea mbali, aliyeishi muda mfupi kabla umbo lake halijabadilika, aliyekuwa mwingi, na ambaye hata mwanafunzi anaweza kumtambua. Amonaiti wanatimiza yote. Waliogelea, na walipokufa gamba tupu lenye vyumba vya hewa liliweza kuelea na kuchukuliwa na mkondo mbali na pale lilipoachwa na mwenyewe. Lakini sifa hiyohiyo ya kuenea ndiyo inayomfanya asiwe shahidi wa mahali. Kadiri anavyofaa kusema "wakati huu", ndivyo asivyofaa kusema "hapa".

Kinyume chake kipo ukutani. Katika chumba kilekile chokaa imebanduka upande mmoja, na ukitazama vizuri utaona tumbawe lenye mikunjo kama ubongo, limekatwa katikati na msumeno wa mchonga mawe. Mawe ya nyumba zetu mengi yametoka Maweni, kisiwani Manda, na tumbawe hili la kale la pwani, sehemu yake kubwa ni ya takriban miaka 125,000, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Matumbawe yaliyomo ni ya aina zilezile zinazoishi baharini hivi sasa. Mvuvi anayatambua. Kwa hiyo hayakuambii umri: ukitaka kujua miaka ya ukuta wa shangazi lazima upime urani iliyomo ndani ya tumbawe na jinsi ilivyooza kidogo kidogo. Saa ambayo mshale wake hausogei haisomeki.

Basi nikarudi mwanzo, safari hii kwa utaratibu.

Watu wa nje ya kazi hii hudhani kwamba tunalinganisha kisukuku kimoja na kingine, huyu kafanana na huyu, basi mawe ni ya wakati mmoja. Mara nyingine ndivyo, lakini mmoja peke yake anaweza kukudanganya. Anaweza kuchelewa kufika ghuba fulani, au akahama mapema kwa sababu maji yameharibika. Kinachoaminika ni mpangilio: nani yuko chini, nani juu yake, nani juu zaidi. William Smith, mpima mifereji wa Uingereza, aliliona hili mifereji ilipokuwa ikichimbwa, kwamba kila tabaka lina magamba yake na mpangilio haubadiliki ukihama kutoka bonde moja hadi jingine; mwaka 1815 akachapisha ramani ya miamba ya Uingereza iliyojengwa juu ya fikra hiyo. Miaka ya 1850 Mjerumani Albert Oppel akaigawa Jurasiki ya Ulaya vipande vyembamba kwa kufuata amonaiti, bila kujali mwamba wenyewe ni tope, mchanga au chokaa.

Shida ni kwamba Ulaya iko mbali, hata ya wakati ule. Mayaites hayuko Ulaya. Ukichukua orodha ya Oppel ukaja nayo Rabai, kwenye vilima vile vya nyuma ya Mombasa, nusu ya majina hutayapata. Njia ya kutoka ni kumtafuta jirani: yule anayepatikana katika tabaka moja na Mayaites huku kwetu, na ambaye Ulaya pia wanamjua. Kachi wamo amonaiti wa namna hiyo, Perisphinctes na Peltoceratoides, ndani ya mawe yaleyale yenye Mayaites. Hao ndio waliotuambia kwamba Mayaites ni wa Oksfodiani. Ni kama kumjua mgeni kwa kumwona amekaa baraza moja na mtu unayemfahamu.

Sasa tazama safu zote mbili za matabaka, ya Kachi na ya kwetu. Kachi, miamba ya Jurasiki ilipangwa na Ferdinand Stoliczka mwanzoni mwa miaka ya 1870 katika mafungu manne: Patcham, Chari, Katrol na Umia. Wilhelm Waagen akaeleza amonaiti wake kati ya 1873 na 1875. Sehemu ya chini ya Chari yumo Macrocephalites, mnene, wa takriban miaka milioni 165. Juu kabisa ya Chari yumo Mayaites. Ukipanda zaidi, kwenye miaka kama milioni 150, unakutana na Hybonoticeras, ambaye mgongoni ana mfereji na kila ukingo wa mfereji una safu ya vijino. Ukiwajua hawa watatu kwa sura, huwezi kuwachanganya hata gizani kwa kupapasa.

Sasa njoo upande wetu. Hybonoticeras mmoja hadi leo anabeba jina la Hildebrandt, na jiwe lililompa jina lilitoka Mombasa. Mayaites na Macrocephalites wanajulikana Madagaska na pande hizi za Afrika Mashariki. Mpangilio ni uleule, hakuna aliyemruka mwenzake. Na kuna bahati moja ambayo kazi za sayansi huipata mara chache. Leonard Frank Spath aliyepitia upya amonaiti wa Kachi wote, kazi iliyochapishwa kati ya 1927 na 1933, ndiye huyohuyo aliyeandika kuhusu amonaiti wa pwani ya Kenya mwaka 1930, kutokana na mkusanyo wa McKinnon Wood. Macho mamoja yalitazama pande zote mbili. Ukiwa umewahi kusoma orodha mbili za watu wawili walioita mnyama mmoja kwa majina matano, utaelewa kwa nini namshukuru.

Kwa nini wafanane? Leo kutoka Lamu hadi Mandvi ni zaidi ya kilomita 4,000, na wazee wetu walizikata kwa kungoja kusi kuwapeleka na kaskazi kuwarudisha. Wakati wa jiwe hili bahari hiyo haikuwepo. Madagaska ilikuwa imelala ubavuni mwa Kenya na Somalia, India imeishika Madagaska kwa upande wa pili, na baina ya Afrika na hizo mbili ghuba ilikuwa imeanza kufunguka, maji yakiingia kutoka kaskazini. Mombasa ilikuwa ufuo mmoja wa maji hayo, Kachi ufuo mwingine. Madagaska iliteleza kusini kidogo kidogo hadi ikatulia ilipo takriban miaka milioni 120 iliyopita. India ikajitenga nayo baadaye sana, karibu milioni 88, ikaenda zake. Amonaiti wa nahodha na amonaiti wa ami walikuwa majirani wa maji mamoja. Huu ndio uzuri wa jambo hili, na pia ndio uliokuwa ugumu wa kesi yangu.

Nikakaa na shangazi jikoni, yeye akipika kaimati, nikimweleza kwamba Mayaites hawezi kunisaidia.

Lakini alinisaidia, kwa njia nyingine. Mpangilio ukishaunganisha safu mbili, unapata kama mstari unaovuka bahari: tabaka hili la Kachi na tabaka lile la nyuma ya Mombasa ni saa moja. Sasa unaweza kuuliza swali ambalo hapo awali halikuwa na maana. Saa hiyo, chini ya bahari kulikuwa na nini Kachi, na chini ya bahari kulikuwa na nini Rabai?

Rabai kulikuwa na tope. Ukanda wa miamba ya tope unaopita Miritini, Rabai na Changamwe ni mashapo ya bahari tulivu, ya kijivu na meusi, yaliyolala kwa unene mkubwa; amonaiti wake mara nyingi wako ndani ya madonge magumu yaliyogandia kwenye tope hilo. Ukilipasua donge, ndani ni laini, hakuna punje.

Kachi saa hiyo ilikuwa tofauti kabisa. Kule, juu ya Chari, liko tabaka mashuhuri linaloitwa Dhosa. Ni jembamba, rangi ya kutu, na limejaa punje za mviringo zilizovikwa chuma, ganda juu ya ganda, kila punje imezunguka kitu kidogo katikati yake kama halua inavyojishika kwenye lozi. Punje za namna hiyo hutengenezwa pale ambapo mashapo mapya hayaji kwa wingi: chembe inakaa juu ya sakafu ya bahari, inabiringishwa, inavikwa, inabiringishwa tena, kwa muda mrefu. Kwa hivyo Dhosa ni jembamba lakini si la muda mfupi. Sehemu zake za juu zina hata visukuku vya nyakati zaidi ya moja vilivyorundikana pamoja. Unene wa tabaka si urefu wa wakati, na nimeona watu wa kazi hii, mimi nikiwa mmoja, wakilisahau hilo wanapochora safu mbili sambamba na kuunganisha chini na chini, juu na juu. Mwaka 1964 Alan Shaw alipendekeza uchore safu moja kama mhimili wa kulala na nyingine kama mhimili wa kusimama, kisha utie nukta kwa kila mnyama kulingana na pale anapoanza na anapokwisha. Mstari unaopita katika nukta ukilala bapa, ujue upande mmoja bahari ilikuwa imeacha kuweka mashapo wakati upande wa pili ikiendelea. Ukichora Rabai kwenye mhimili wa kulala na Kachi kwenye wa kusimama, pale Dhosa utauona mstari umelala.

Nilipofika hapo nilihitaji kitu kimoja tu: chembe ya mwamba wenyewe, ule ulioshika jiwe kabla halijapakwa mafuta.

Nikaomba ruhusa ya kulisafisha. Shangazi akasema nisafishe kitovu peke yake. Akanipa mswaki wa zamani, beseni na ndimu tatu. Miaka na miaka ya mafuta ya nazi na moshi wa udi ilikuwa imeganda kama lami. Ilichukua maji moto na sabuni na mchana mzima. Na weusi ukaanza kutoka. Chini yake jiwe halikuwa jeusi. Lilikuwa rangi ya tofali lililolowa. Hapo shaligramu ikafa bila mabishano, maana hoja yote ya yule mnunuzi ilikuwa weusi na umbo. Shaligramu halisi ni donge la mwamba mweusi wa tope wa Himalaya lililolainishwa na mto, na weusi wake umeingia hadi ndani. Hili lilikuwa limevaa weusi kama kanzu.

Ndani ya kitovu, katika tundu ambalo kidole hakiingii, palikuwa na kigaga kigumu. Watoto wa nyumba hii wote tuliwahi kukichokonoa tukidhani ni uchafu. Nikakitazama kwa lenzi ya mkono, ya mara 10, nikiwa nimekaa kizingitini mwa kiwanda ambako mwanga unashuka wima. Punje. Ndogo kuliko ulezi, za mviringo, zinang'aa kidogo kama mayai ya samaki yaliyokaushwa, rangi ya kahawia hadi dhahabu, zimegandishwa katika kitu cheupe cheupe. Moja ilikuwa imekatika nusu, na ndani yake niliona duara ndani ya duara.

Nikakuna ungaunga wa kile cheupe kwa ncha ya sindano, nikaudondoshea ndimu. Vipovu vikaja, vidogo, polepole, ndiyo chokaa. Nikadondoshea punje za kahawia. Kimya. Si chokaa, au si chokaa tupu.

Ningekuwa kijana ningetangaza hapohapo. Lakini pwani ya Kenya ina punje zake. Mawe ya chokaa ya Kambe yana sehemu zilizojaa punje za mviringo, na mtu anaweza kusema jiwe limetoka huko, si Changamwe wala Kachi. Hapa ndipo mpangilio wa visukuku ulipofanya kazi ambayo lenzi isingeweza. Kambe iko chini ya miamba ya tope. Ni ya takriban miaka milioni 170, Jurasiki ya kati. Mayaites alikuja miaka kama milioni 10 baadaye. Bahari ya upande wetu ilipokuwa ikitengeneza punje, Mayaites hakuwa amezaliwa, na alipokuja, bahari hiyo ilikuwa imekwisha geuka tope. Punje za Kambe, tena, ni za chokaa, na ndimu ingezifanya zichemke. Ukiwa na punje peke yake unaweza kukosea. Ukiwa na amonaiti peke yake, nimekwisha kosea mbele ya watu. Viwili pamoja vinabana.

Kulikuwa na mtego wa pili, na huu ni wa kazi yetu ya visimani hasa. Gamba la zamani linaweza kuchimbuliwa na mawimbi kutoka tabaka lake na kuzikwa upya katika tabaka jipya. Na kisimani vipande vya juu huporomoka na kuchanganyika na vya chini, hata ukaona mnyama mchanga kwenye kina cha wazee. Ndiyo maana kisimani hatuamini mahali anapoonekana mara ya mwisho tukishuka, tunaamini anapoonekana mara ya kwanza. Kwa jiwe la shangazi swali lilikuwa: kigaga cha kitovuni ni cha saa moja na gamba, au gamba lilifukuliwa likajazwa baadaye? Nikatafuta mahali pengine. Mdomo wa gamba, pale mnyama alipokuwa akitokea, ulikuwa umevunjika zamani na umejaa mwamba. Nikasafisha kipande cha ukubwa wa ukucha. Punje zilezile, chuma kilekile. Mbavu karibu na hapo bado kali, hazikusagika kama za gamba lililoviringishwa ufuoni. Sikuona alama ya tope la aina nyingine ndani likiwa limezungukwa na punje nje, ambayo ndiyo dalili ya jiwe lililohamishwa kaburi. Nikaridhika kwamba viliganda pamoja.

Jioni, baada ya sala ya Ishaa, nikawaambia. Jiwe ni la Kachi, na kama ningelazimishwa kutaja tabaka ningesema Dhosa.

Upande wa nahodha ukashangilia kama timu iliyopata penalti. Nikawaomba wangoje. Nilichosema ni kwamba jiwe lilizaliwa Kachi. Nani alilileta, mawe hayasemi. Majahazi yalipakia farumi ya kutia chombo uzito, na farumi ni mawe ya popote. Jiwe zuri lililookotwa katika farumi iliyotupwa Mombasa linaweza kumfikia kibarua wa Changamwe akalileta kwa dada yake akiapa kwamba ni la Changamwe, na asiwe mwongo. Ami yangu huenda aliliokota kweli. Huenda nahodha alilinunua kweli. Walitaka niandike barua yenye jina la babu yao; niliandika barua yenye jina la tabaka. Mjomba mmoja akasema barua ya namna hiyo haina faida, na kwa mahitaji yake alikuwa na haki.

Kuhusu kuuza, shangazi hakungoja sheria wala barua. Alimwambia mjukuu amjibu yule mtu kwamba si shaligramu, na kwamba hata lingekuwa shaligramu, kitu anachokiabudu mtu hakitiwi bei na asiyekiabudu. Kijana akaandika. Hajajibiwa mpaka leo.

Yule mtoto mdogo wa nyumba, wa miaka tisa, ndiye aliyeniuliza swali nililolipenda. Alitaka kujua kama konokono wa Changamwe na konokono wa Kachi wangekutana wangeelewana. Nikamwambia walikutana, kila siku, maji yalikuwa mamoja. Akaenda kulitazama tumbawe ukutani, akarudi kusema lile halijabadilika kwa sababu halikwenda popote. Si kweli hata kidogo, lakini sikumsahihisha usiku ule.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta jiwe limerudi kidakani. Kitovu nilichokisafisha kilikuwa kimebaki chekundu, kama jicho lililoumwa, na pale nilipokuna kwa sindano palikuwa na mstari mweupe. Shangazi alikuwa amekwisha anza kupakipaka mafuta.

"Itachukua muda," akasema, akizungusha kidole, "lakini patarudi."

Nikamwomba aache upande mmoja wazi, angalau ule wa ndani usioonekana. Akanitazama, akachovya kidole tena.